Nani alifunga shule? Safari ya ushauri kutoka maabara mpaka kwa Rais

Shangazi yangu anakaanga samaki hapa Busia, upande wetu wa Uganda, na kila nikikaa kwa kibanda chake ananirudishia swali lilelile: ati hao maprofesa wa Makerere ndio walifunga shule? Anauliza kwa uchungu. Binti yake alikuwa S2, yaani kidato cha pili, shule zilipofungwa, zilipofunguliwa alikuwa na mtoto wa miezi minne mgongoni na darasani hakurudi tena. Mimi nilisomea mambo ya maabara, na 2020 nilikuwa mmoja wa wale waliokuwa wanawaingizia madereva wa trela kijiti puani pale mpakani, kwa hiyo kwa familia mimi ndo mtu wa sayansi, naulizwa mimi. Nikimjibu kwamba hapana shangazi, ni serikali, anasema sawa, na serikali iliambiwa na nani? Hapo nanyamaza maana jibu ni refu na wateja wanangoja samaki. Sasa nimeamua kuliandika lote.

Tuanze na tarehe. Shule Uganda zilifungwa 20 Machi 2020. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, msafiri aliyetoka Dubai, alithibitishwa 21 Machi. Yaani shule zilifungwa kabla hata mtu mmoja hajapatikana. Mwisho wa mwezi huohuo ikaja lokidauni yenyewe na kafyu ya saa moja jioni. Madarasa ya mtihani yakarudi Oktoba 2020, mengine yakaanza kurudi kwa zamu 2021, alafu Juni 2021 wimbi la Delta, ile aina kali ya korona, likafunga kila kitu tena, na watoto wote kwa jumla wakaingia darasani 10 Januari 2022. UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, walihesabu wiki 83 za shule kufungwa kabisa au nusunusu, hakuna nchi ingine duniani iliyofika hapo, na wanafunzi walioguswa ni kama milioni 15.

Kwa hiyo usiseme "uamuzi wa kufunga shule" kana kwamba ni mmoja. Kufunga Machi 2020 ni uamuzi. Kuendelea kufunga Novemba 2020 ni uamuzi mwingine, na kufunga tena Juni 2021 ni mwingine kabisa, na kila mmoja ulifanywa watu wakiwa wanajua vitu tofauti.

Sasa ushauri unatoka wapi? Unatoka chini, kwa kijiti. Dereva anashuka kwa lori mpakani, Malaba au Busia au Mutukula au Elegu, anachukuliwa sampuli, sampuli inawekwa kwa boksi la barafu inaenda Entebbe kwa Taasisi ya Utafiti wa Virusi, ile watu wanaiita UVRI. Hiyo taasisi ni ya zamani, ilianzishwa 1936 kwa ajili ya homa ya manjano, na ndiko virusi vya Zika vilitambuliwa mara ya kwanza 1947, jina lenyewe ni la msitu ulio karibu na Entebbe. Mwanzoni dereva alikuwa anachukuliwa sampuli anaachiwa aende, majibu yanatoka ashafika mbali, ashakula kwa mama ntilie watatu, ikabidi watu waanze kumtafuta njiani. Ndo baadaye ikaamuliwa angoje majibu, na foleni ikavuka upeo wa macho.

Entebbe hawakuishia kusema huyu anacho huyu hana. Walisoma jeni za virusi wenyewe, wakaona korona ya Uganda iliingia kwa milango miwili, ndege na malori. Hiyo ni kazi ya mtafiti katika sura yake safi: hiki ndicho tunakiona, hivi ndivyo tumekiona, na mtu mwingine akirudia ataona hichohicho. Mwisho wa 2020 walewale wakaona aina ya virusi iliyopewa jina A.23.1 ikizidi nguvu hapahapa nchini. Hakuna siasa ndani yake. Lakini angalia kitu kidogo kilichotokea Mei 2020: serikali iliamua madereva wa kigeni wasihesabiwe kwenye jumla ya wagonjwa wa Uganda. Virusi havikubadilika, maabara haikubadilika, jedwali ndo lilibadilika. Hoja za uamuzi huo zilikuwepo, mtu anarudishwa kwao basi kwa nini uandike ni wako, lakini mtu anayesoma namba kwa redio jioni haambiwi kwamba nani ahesabiwe ni uamuzi wa watu, anadhani namba inaanguka kutoka mbinguni kama mvua.

Kutoka kwa namba tunaenda kwa makadirio, na hapa ndo watu wengi walipotea, hata wasomi. Chukua ripoti maarufu ya Imperial College London, ya Neil Ferguson na wenzake, ya 16 Machi 2020. Ilisema Uingereza wanaweza kufa watu 510,000 na Marekani milioni 2.2. Dunia nzima ikashika zile namba. Lakini sentensi yenyewe ilianza na "kama", kama hakuna kitu chochote kitafanywa na watu waendelee kuishi kama kawaida. Hata ofisi ya Afrika ya WHO, Shirika la Afya Duniani, Mei 2020 ilitoa makadirio kwamba Afrika wanaweza kufa kati ya watu 83,000 na 190,000 ndani ya mwaka mmoja kama hatua za kuzuia zitashindwa. Tena "kama". Modeli, yaani hesabu ya kukadiria kitakachotokea, ni kama mtu anayekuambia ukiendesha boda kwa mwendo huu na breki zako ni hizi, utagonga ule ukuta. Ukifunga breki usigonge huwezi kumrudia umwambie alikudanganya. Ila pia, na hili lazima lisemwe, modeli inakula kile unachoilisha. Zile za mwanzo zililishwa takwimu za China na Ulaya, na Uganda nusu ya watu hawajafika miaka 17, nyumba zetu watu wanalala wengi chumba kimoja, mtu akikaa ndani siku tatu bila kutoka hana posho. Mtafiti mzuri anakuambia wazi hapa nina uhakika, hapa nakisia, hapa sijui kabisa. Ukimsikia profesa anatoa namba moja tu bila chini na juu yake, muulize tena.

Baada ya hapo ndo kuna meza. Uganda meza ilikuwa hivi: wizara ya afya iliunda kamati ya kisayansi ya kumshauri waziri kuhusu korona, mwenyekiti wake alikuwa Dkt. Misaki Wayengera wa Makerere. Watu kama Prof. Pontiano Kaleebu aliyekuwa anaongoza UVRI na Prof. Rhoda Wanyenze, aliyekuwa mkuu wa shule ya afya ya jamii Makerere, walisikika sana miaka ile. Rais naye alikuwa na mshauri wake wa magonjwa ya mlipuko, Dkt. Monica Musenero, ambaye 2021 akawa waziri wa sayansi. Kamati inapeleka ushauri kwa waziri, waziri anaupeleka kwa kikosi kazi cha taifa, unafika kwa baraza la mawaziri na kwa Rais, Rais anakaa mbele ya kamera usiku anaongea na wajukuu, ndivyo anavyowaita vijana, asubuhi RDC, yule mwakilishi wa Rais wilayani, anayeongoza kikosi kazi cha wilaya anautafsiri anavyoelewa yeye, na mwenyekiti wa LC1, wa kijiji, anautafsiri tena. Hesabu mikono iliyopitiwa. Ushauri unaweza kuondoka mezani ukiwa na masharti manne na kufika kijijini ukiwa na kiboko.

Na kule mezani kuna jambo moja ambalo mi naona ndo kiini cha swali la shangazi, kwamba mshauri anajibu alichoulizwa. Ukimuuliza mtaalamu wa virusi "kufunga shule kutapunguza maambukizi?" atakuambia ndio, watoto wanakusanyika, wanapanda taxi, wanarudi kwa bibi. Ni jibu la kweli. Lakini kama hujamuuliza "na msichana wa miaka 15 atakuwa wapi hiyo miezi yote?" hatakujibu, na pengine si mtu sahihi wa kujibu, anatakiwa mwalimu, anatakiwa mtu wa ustawi wa jamii, anatakiwa mwanauchumi anayejua soko la Busia siku ya Jumatano. Agosti 2021 Mamlaka ya Mipango ya Taifa ilikadiria kwamba asilimia 30 ya wanafunzi huenda wasirudi shule, kwa sababu ya mimba, ndoa za mapema na kazi za watoto. Hao nao ni wataalamu, hiyo nayo ni sayansi. Ilikuja mwaka mmoja na nusu baada ya mlango kufungwa, na mlango uliendelea kufungwa miezi minne zaidi huku serikali ikisisitiza walimu na makundi mengine wachanjwe kwanza.

Jambo hilohilo lilitokea kwa wajawazito, ila pale serikali ilirekebisha haraka. Lokidauni ya kwanza magari yalizuiwa, mama mwenye uchungu alitakiwa apate ruhusa ya RDC kwanza, sasa fikiria saa nane usiku unamtafuta RDC wapi. Malalamiko yakawa mengi, Aprili ileile Rais akatangaza wajawazito wasafiri bila ruhusa. Baadaye watafiti walipitia rekodi za hospitali ya Kawempe wakaona mahudhurio ya kliniki ya wajawazito yaliporomoka wakati ule na matatizo ya uzazi yakaongezeka. Unaona mpangilio? Kilio cha watu kilifika kwanza, utafiti ukafika baadaye kukithibitisha. Mtafiti hawezi kupima kitu ambacho hakijatokea, kwa hiyo siku za mwanzo serikali inaamua gizani na tochi moja, na tochi ilikuwa imeelekezwa kwa virusi tu.

Kuna watu husema basi watafiti wangekataa. Wengine kwingine walijaribu. Afrika Kusini, Prof. Glenda Gray, ambaye alikuwa ndani ya kamati ya ushauri na pia kiongozi wa baraza la utafiti wa tiba, Mei 2020 alikosoa hadharani baadhi ya masharti ya lokidauni akisema hayana msingi wa kisayansi. Kaimu mkuu wa idara ya afya akaandika barua kutaka achunguzwe. Baraza lake likamsafisha, lakini kila mshauri barani alikuwa ameshaona. Tanzania ilikuwa kali zaidi: mkuu wa maabara ya taifa alisimamishwa baada ya Rais Magufuli kusema mapapai na mbuzi wamepimwa wakakutwa na korona, na kuanzia Mei 2020 namba zikaacha kutoka, zikabaki wagonjwa 509 mwaka mzima. Rais Samia alipoingia aliunda kamati ya wataalamu chini ya Prof. Said Aboud wa chuo kikuu cha Muhimbili, na Mei 2021 kamati ikashauri waziwazi takwimu zitolewe na chanjo ziruhusiwe. Nchi moja, maprofesa walewale, chuo kilekile. Kilichobadilika ni nani anauliza na kama yuko tayari kusikia. Na msidhani Ulaya ilikuwa peponi, Uingereza mawaziri walirudia kila siku kwamba wanafuata sayansi huku majina ya wanasayansi wenyewe na kumbukumbu za vikao vyao havikuchapishwa mpaka Mei 2020, baada ya makelele.

Hapo mi nina msimamo na nauandika bila kuzunguka: ushauri wa kamati ungekuwa unachapishwa, hata baada ya wiki mbili. Si lazima serikali iufuate, serikali ndo imechaguliwa na ndo inabeba uchumi na usalama na njaa, ina haki ya kusema tumesikia lakini tunafanya hivi. Ila tukiona walichoshauriwa na walichoamua vikiwa pembeni kwa pembeni, shangazi hatahitaji kuniuliza mimi.

Kitu kingine cha chuo kikuu ambacho watu hawakielewi ni dawa. Juni 2021 wimbi la Delta limepamba, oksijeni inatafutwa, kila mtu anatafuta COVIDEX, dawa ya mitishamba iliyotoka kwa Prof. Patrick Ogwang wa chuo kikuu cha Mbarara. Mamlaka ya dawa, NDA, kwanza ilionya watu kwamba haijaidhinishwa, alafu 29 Juni ikaipa kibali, lakini kibali cha kusaidia matibabu, ikasema wazi si tiba ya korona. Mtaani hiyo sehemu ya pili haikufika kabisa. Sisemi dawa ni mbaya, nasema profesa kuwa na wazo zuri na wazo kupimwa ni vitu viwili. Linganisha na kilichofanyika Mulago, hospitali kubwa ya Kampala, pale Bruce Kirenga na wenzake walichukua plazma, ile sehemu ya damu ya waliopona, wakawapa baadhi ya wagonjwa kwa bahati nasibu na wengine wakabaki na matibabu ya kawaida, wagonjwa 136 kwa jumla. Wazo lilikuwa tamu, dunia nzima ililitamani. Matokeo: haikusaidia. Wakachapisha hivohivo. Hilo jaribio lililosema hapana lilikuwa ushauri wa maana sana kwa serikali, maana liliwaambia msimwage hela hapa, na hakuna mtu alilipigia vigelegele. Upande wa pili deksamethasoni, dawa ya bei ya chini ambayo ilishakuwepo kwa mafamasi yetu, jaribio la Uingereza la Juni 2020 lilionyesha inapunguza vifo kwa theluthi moja kwa wagonjwa walio kwenye mashine ya kupumulia. Mbinu ilikuwa moja, bahati nasibu na kuhesabu kwa subira, na bila hiyo mbinu usingejua ipi ni ipi.

Sasa niseme kwa nini bado nawaamini hawa watu, maana nimewakosoa na sipendi nieleweke vibaya. 2000 Ebola ilipoingia Gulu, Dkt. Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor ndiye alikesha akisoma mafaili ya wagonjwa, akaona hiki si kitu cha kawaida, akapiga simu wizarani moja kwa moja bila kungoja taratibu. Sampuli zilibidi zipelekwe mpaka Afrika Kusini kuthibitishwa. Wakaugua watu 425, wakafa 224, na yeye mwenyewe akafa 5 Desemba mwaka ule. Miaka 22 baadaye, Septemba 2022, Ebola ilipotokea Mubende, jibu lilitoka hapahapa Entebbe. Ila hapo tena ikaonekana virusi peke yake havitoshi, maana Kassanda, wilaya jirani, kuna kaburi lilifukuliwa ili maiti ifanyiwe taratibu za dini, na watu wakaambukizwa. Hiyo haizuiwi na darubini, inazuiwa na mtu anayejua kukaa na wazee na mashehe na wachungaji, na safari hii walikaa nao.

Mlipuko ule wa 2022 ulikuwa wa aina ya Sudan ambayo haina chanjo iliyoidhinishwa. Watafiti wa Makerere na UVRI pamoja na WHO waliandaa jaribio la chanjo, makaratasi yote, maadili, vibali, nani atachanjwa kwanza, na dozi zikafika Desemba. Lakini mlipuko ulikuwa umeshaisha nguvu, hakuna wagonjwa wapya, hakuna wa kumchanja. Ungedhani kazi imepotea. Ilikaa kwa friji na kwa mafaili miaka miwili. 30 Januari 2025 Ebola ileile ikatangazwa tena, muuguzi wa Mulago amefariki, na 3 Februari chanjo ya kwanza ya jaribio ilidungwa Kampala. Siku nne. Haijawahi kutokea haraka hivo kwa Ebola popote. Na Aprili mlipuko ukatangazwa umeisha, vifo vinne.

Nilimsomea shangazi hii sehemu ya siku nne jana. Akageuza samaki, akanyamaza kidogo, alafu akauliza: "Na makaratasi ya shule, ya siku ugonjwa mwingine ukija, nani anayaandaa saa hii?" Nimeuliza wawili watatu ninaowajua wizarani na chuoni. Nikipata jibu nitampelekea.